Kuomba Chuo Chenye Ushindani Mkali Marekani Ukiwa Mwanafunzi wa Sanaa: Hatua kwa Hatua

Kijana anayechora vizuri, anayepiga kanuni ya taarabu au anayeigiza husikia maneno mawili yanayopingana. Wapo wanaomwambia kipaji kitamfungulia mlango wa chuo chochote, na wapo wanaomwambia vyuo vikubwa vinatazama Hesabu na Fizikia tu. Wote wamekosea. Sanaa ina uzito katika udahili wa vyuo vya Marekani, ila uzito huo hutegemea aina ya chuo. Na kwa mwombaji wa Afrika Mashariki ambaye wazazi wake hawana dola 80,000 au zaidi za kutoa kila mwaka, kuna jambo linaloamua kuliko kipaji: ni chuo gani kinamlipia mgeni. Kwa hiyo tunaanza na chuo na pesa, halafu ndipo tufike kwenye rangi na brashi.

Hatua ya 1: Jua unaomba chuo cha aina gani

Aina ya kwanza ni shule za sanaa pekee: Rhode Island School of Design, maarufu kama RISD, iliyoko Providence, Pratt iliyoko Brooklyn, CalArts ya California, na kwa muziki Juilliard ya New York na Curtis ya Philadelphia. Hapa jalada la kazi zako au usaili wa jukwaani ndiyo roho ya maombi. Shahada yake ya uchoraji na ubunifu (design) huitwa BFA, yaani Bachelor of Fine Arts, na takriban theluthi mbili za masomo hufanyika karakanani.

Aina ya pili ni vyuo vikuu na vyuo vidogo vinavyotoa BA, yaani Bachelor of Arts: Yale, Princeton, Brown, Amherst, Williams, Wesleyan. Humo unaweza kusomea uchoraji, tamthilia au muziki, lakini sehemu kubwa ya masomo ni historia, sayansi, lugha na mengineyo. Kutuma kazi za sanaa ni hiari. Kinachosomwa kwanza ni matokeo ya darasani, na asiyefaulu darasani haokolewi na michoro.

Aina ya tatu ni chuo kikuu chenye shule ya sanaa ndani yake, kama Carnegie Mellon, New York University (NYU) kupitia Tisch, shule yake ya sanaa, au Cornell kwa shahada yake ya BFA. Hapa unapimwa mara mbili, kwa alama na kwa kazi.

Ipo pia njia ya shahada mbili kwa miaka 5: Brown pamoja na RISD, Oberlin pamoja na shule yake ya muziki, Tufts pamoja na School of the Museum of Fine Arts. Njia hii huwavutia wengi, lakini ya Brown na RISD inakutaka ukubaliwe na kila chuo peke yake, kisha upite kwenye kamati ya pamoja. Nafasi yake ni finyu kuliko ya chuo chochote kati ya hivyo viwili. Iombe kama una nguvu za kweli pande zote mbili, na usiifanye tegemeo.

Hatua ya 2: Tatua swali la pesa kabla ya kuchagua majina

Vyuo vya Marekani huwatendea waombaji wa kigeni kwa namna tatu.

Vichache haviangalii mfuko wako wakati wa kuamua, na vikikukubali hujaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin vimo humo. Vingine, kama Williams, Wesleyan na Vassar, huangalia mfuko wakati wa kuamua, kwa hiyo mwenye uhitaji mkubwa hushindania nafasi chache zaidi. Lakini wakimchukua mtu aliyeomba msaada, humpa wote anaouhitaji. Vilivyobaki, zikiwemo shule nyingi za sanaa pekee, humpa mgeni punguzo la sehemu tu au hawampi kitu.

Hapo ndipo mwanafunzi wa sanaa anapoumia. Shule ya sanaa inaweza kuwa rahisi kuingia kuliko Yale, na bado ikawa haiwezekani kulipika. Barua ya kukubaliwa yenye punguzo la dola 20,000 inasomeka vizuri sebuleni, lakini inaacha deni la dola 60,000 kwa mwaka wa kwanza peke yake. Zipo shule chache za kuzingatia kwa upande wa pesa: Curtis haimtozi mwanafunzi yeyote ada ya masomo, ingawa malazi na chakula hubaki kwako na nafasi zake ni chache mno, nayo Cooper Union ya New York humpa kila anayekubaliwa ufadhili wa angalau nusu ya ada. Nje ya Marekani lakini kwa mfumo huohuo, NYU Abu Dhabi hufundisha sanaa, filamu, muziki na tamthilia, na hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji wa familia.

Ushauri wetu ni huu: kama darasani uko kwenye kundi la juu kabisa na familia haiwezi kulipa, njia ya BA katika vyuo vinavyojaza pengo lote ndiyo iwe mhimili wa orodha yako. Shule za sanaa zibaki mbili au tatu, zile tu zenye ufadhili unaoeleweka.

Fomu ya fedha inayotumiwa na vyuo vingi ni CSS Profile. Hutoza dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, lakini ukiandikia ofisi ya msaada ya chuo mapema, vingi hutoa msimbo wa kusamehewa ada hiyo au hukuruhusu kutumia fomu yao ya bure. Mzazi asiye na hati ya mshahara, mkulima wa korosho kwa mfano, au mama mwenye genge, aandike kipato cha kila msimu, gharama za kilimo au mtaji, na kinachobaki, akiambatisha barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Tarakimu zilizo kwenye barua zifanane na zilizo kwenye fomu. Zikitofautiana, faili husimama hadi ueleze, na wakati huo muda unakimbia.

Usijaze kwamba huhitaji msaada kwa matumaini ya kuongeza nafasi halafu uombe baadaye. Vyuo vingi vinavyoangalia mfuko havimruhusu mgeni kuomba msaada kama hakuuomba tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Pima nafasi yako

Harvard na Yale huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100. Hakuna jalada linaloufanya mlango huo kuwa mpana. Linachoweza kufanya ni kukutofautisha na maelfu ya wengine wenye alama kama zako.

Mambo huwa hivi. Afisa wa udahili hasomi muziki wala hapimi uchoraji kwa jicho lake. Kazi zako hupelekwa kwa walimu wa idara husika, nao hurudisha tathmini. Wakisema kazi hii ni adimu na wanamtaka mwanafunzi huyu, faili lako limepata mtetezi. Wakisema ni nzuri ya kawaida, hujapata kitu, na huenda umepunguza mvuto wa sehemu nyingine. Ndiyo maana kwenye vyuo vya BA usitume kazi kwa sababu tu nafasi ya kutuma ipo.

Jiulize yafuatayo na ujibu bila kujipendelea. Je, matokeo yako yanatosha bila sanaa? Kwa Tanzania tunazungumzia Daraja la Kwanza la pointi chache, kwa Kenya A au A- ya KCSE. Je, kuna mtu nje ya shule na familia aliyeithibitisha kazi yako: tuzo ya ngazi ya taifa kwenye Kenya Music Festival au tamasha la taifa la maigizo, daraja la juu la ABRSM (mitihani ya muziki ya Uingereza), mafunzo ya Dhow Countries Music Academy pale Zanzibar, maonyesho Nafasi Art Space? Na je, ukiondoa kazi ulizonakili, unabaki na ngapi?

Mwenye majibu mazuri kwa yote matatu aombe vyuo vigumu kwa nguvu zote. Mwenye alama za juu lakini kazi za wastani aombe kama mwanafunzi wa kawaida na aitaje sanaa kwenye orodha ya shughuli tu. Mwenye kazi bora na alama za kati elekeo lake ni shule za sanaa, na hapo swali la pesa linarudi.

Angalia pia mitihani. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vilitangaza mwaka 2024 kurudisha sharti la mtihani wa udahili kama SAT au ACT, baada ya miaka ya kuufanya wa hiari. Kila chuo kina sheria yake, hivyo soma ukurasa wake wa mwaka unaoomba.

Hatua ya 4: Panga kalenda

Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, hufunguka tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema mengi hufungwa tarehe 1 Novemba, ya kawaida mapema Januari, shule nyingi za muziki 1 Desemba. Majibu ya kawaida hutoka hadi kuelekea mwanzo wa Aprili.

Kwa Mtanzania, maana yake ni kwamba unaomba ukiwa kidato cha 6, kabla ya mtihani wa Mei. Shule itatuma ripoti zako za nyuma, matokeo ya kidato cha 4, na alama zinazotarajiwa. Jalada lazima lianze kidato cha 5, kwa sababu mwaka wa mtihani hauna nafasi ya kuchora kazi 15 mpya. Mkenya anaweza kuomba akiwa kidato cha 4, au asubiri matokeo ya KCSE na kuomba msimu unaofuata, jambo linalompa miezi kadhaa ya kutengeneza jalada bila presha ya darasa.

Ukichagua kusubiri, usijisajili kwanza chuo kikuu cha nyumbani kama akiba. Mtu aliyeanza shahada mahali pengine huhesabiwa na vyuo vingi vya Marekani kuwa anahama chuo, na nafasi na msaada wa wanaohama ni mdogo sana. Wengi hujifungia mlango kwa namna hii bila kujua.

Hatua ya 5: Tengeneza jalada

RISD hutaka kazi 12 hadi 20. Vyuo vingine vina idadi yao, na kazi hupokelewa mara nyingi kupitia tovuti ya SlideRoom. Kama zenye nguvu ni 12 tu, usijaze. Kazi 12 nzuri zinashinda 20 zenye 8 dhaifu, maana mtathmini hukumbuka zilizolegea.

Anza na uchoraji wa kutazama: kitu, mtu au mahali palipo mbele ya macho yako, si picha ya simu. Mchoro wa kunakili picha hujionyesha haraka. Vivuli ni vyeusi bila kina, mistari ya pembeni ni ya lenzi, na mchoraji hajaamua chochote, kwa sababu kamera ilishaamua. Sura za wanasoka na wasanii maarufu kwa penseli, hata zikifanana kabisa, ni kosa tunaloliona kuliko yote kwa waombaji wa kwetu. Zinaonyesha subira, hazionyeshi unachokiona wewe. Mchore bibi akichambua mchele, mafundi wakishona viatu, jiko lenu lilivyo saa ya kupika. Kaa hapo saa mbili. Rudia kitu hichohicho kwa mkaa, kisha kwa wino, kisha kwa rangi.

Kama ulijifunza Tingatinga karakanani, weka kazi moja au mbili na ionekane ulichobadilisha. Twiga na mlima vilivyozoeleka kwenye maduka ya watalii havitakutofautisha, lakini rangi ya mafuta ya kupakia milango juu ya ubao, ikitumika kusimulia kituo cha daladala, ni jambo jingine kabisa.

Gawa jalada hivi: takriban theluthi iwe ya kutazama, kazi 4 hadi 6 zichimbe wazo moja kwa undani, zilizobaki zionyeshe unavyothubutu na nyenzo, iwe ni ufinyanzi, ushonaji wa kanga, uchongaji au picha za mnato. Ongeza kurasa mbili za daftari la michoro kama chuo kinaruhusu. Walimu hupenda kuona makosa na majaribio, maana humo wanaiona akili ikifanya kazi. Iliyo bora kabisa iwe ya kwanza, inayofuata kwa ubora iwe ya mwisho. Chini ya kila moja andika jina, nyenzo, ukubwa kwa sentimita na mwaka.

Kupiga picha kazi zako kunastahili siku nzima, kwa sababu mtathmini hataona karatasi, ataona picha. Toa kazi kwenye fremu yenye kioo. Iweke wima barazani, kivulini, kwenye mwanga wa saa 3 hadi saa 4 asubuhi au saa 10 alasiri. Jua la mchana likipiga moja kwa moja hufuta rangi, na la alfajiri huipaka karatasi umanjano. Zima mwako (flashi) wa simu. Simama kama mita moja na nusu, sogeza picha kidogo kwa kukuza badala ya kusogea wewe, maana ukiwa karibu sana pembe za karatasi huvimba. Simu iwe sambamba na kazi, usawa wa katikati yake. Weka karatasi nyeupe pembeni: ikionekana ya bluu au ya njano kwenye kioo cha simu, rangi za mchoro nazo zimepotoka, rekebisha kwa hiyo karatasi kisha uikate nje ya picha. Rangi ya mafuta inayong'aa ikiakisi mwanga, inamisha ubao kidogo au ning'iniza kitambaa cheusi nyuma yako. Kinyago au chungu kipige juu ya shuka la rangi moja, pande mbili.

Halafu usizitume picha kwa WhatsApp kama picha. Programu huzibana na maelezo yote ya brashi hupotea. Zitume kama dokumenti au uzihamishe kwa waya.

Kwa wanamuziki, kanuni kubwa ni vipande viwili vinavyotofautiana, kila kimoja kirekodiwe bila kukatwa wala kuunganishwa. Mkato unaosikika huwafanya wasikilizaji washuku. Rekodi mbali na jenereta, epuka siku ya mvua kama bati halina dari, weka simu mita 2 au 3 mbele yako na usikilize sekunde 30 za kwanza kabla ya kuendelea. Anayepiga udi, kanuni au ngoma asijibadilishe kuwa mpiga piano wa kubahatisha. Atume anachokijua, pamoja na sentensi tatu zinazoeleza maqamu (mfumo wa sauti za wimbo) au mdundo na nafasi ya ala hiyo kwenye kundi, kwani huenda anayesikiliza hajaifundisha. Waigizaji huandaa hotuba mbili fupi za mhusika mmoja (monologue) zinazotofautiana kwa hisia, kwa kawaida dakika moja hadi mbili kila moja, macho yakielekea pembeni kidogo ya kamera. Wacheza ngoma waonekane mwili mzima, miguu ikiwemo.

Kabla ya kutuma, tafuta jicho la nje. Mikutano ya National Portfolio Day, ambayo mingine hufanyika mtandaoni, hukukutanisha na walimu wa shule za sanaa bure, nao hukwambia waziwazi cha kuondoa. Hudhuria mapema, usingoje wiki ya mwisho wakati huwezi tena kurekebisha.

Hatua ya 6: Insha na orodha ya shughuli

Insha kuu ya Common App ni maneno 250 hadi 650. Isirudie jalada. Anayetuma michoro aandike kuhusu jambo ambalo mchoro hauwezi kulisema. Na asiuze umaskini. Hali ya nyumbani itaelezwa kwenye fomu ya fedha na kwenye barua ya shule. Insha ni mahali pa kuonyesha namna unavyofikiri.

Shughuli ni 10 kwa wingi, kila maelezo hayazidi herufi 150, nafasi za katikati zikihesabiwa. "Napenda kuchora na nimeshiriki klabu ya sanaa ya shule" ni nafasi iliyopotea. Linganisha na mfano huu: "Nilichora ukuta wa mita 8 wa zahanati, nafundisha watoto 15 kila Jumamosi, niliuza kadi 120 kununua rangi." Tarakimu ziwe za kweli, mwalimu wako anaweza kuulizwa.

Hatua ya 7: Barua

Vyuo vingi vya BA hutaka barua mbili za walimu wa masomo ya darasani na moja ya mshauri wa shule. Shule zetu nyingi hazina mshauri, hivyo mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma huandika, na huambatisha ukurasa mmoja unaoeleza shule: idadi ya wanafunzi, mfumo wa madaraja, wastani wa matokeo. Bila ukurasa huo afisa hawezi kujua kwamba wewe ni wa kwanza kati ya 200. Mwalimu wako wa sanaa au kiongozi wa kikundi aandike barua ya nyongeza, asichukue nafasi ya mwalimu wa somo. Waombe walimu wiki 6 kabla, uwape karatasi yenye mambo wanayoweza kuyashuhudia wenyewe.

Hatua ya 8: Kutuma, kusubiri, kuamua

Tarehe ya mwisho ya kazi za sanaa si lazima iwe sawa na ya maombi, na saa zake zinaweza kuwa za Marekani au za kwenu. Tuma siku 3 kabla. Fungua ukurasa wa mwombaji wa kila chuo kila wiki, kwa sababu ripoti inayokosekana huonekana hapo, na barua pepe zao mara nyingi huishia kwenye taka.

Masuala ya viza yafuatilie tangu mwanzo, siyo Juni. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza vikwazo vinavyogusa viza za wanafunzi wa baadhi ya nchi, Burundi ikiwemo, na orodha hubadilika. Tovuti ya ubalozi ndiyo yenye neno la mwisho, na washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri waombaji, hawatozi pesa. Kama nchi yako imo, vyuo vya mfumo wa Marekani vilivyo nje ya nchi hiyo vipande juu kwenye orodha yako.

Ukikubaliwa, tarehe ya kujibu kwa kawaida ni 1 Mei. Usilinganishe ukubwa wa ufadhili. Linganisha kinachobaki kulipwa na familia baada ya kujumlisha malazi, bima ya afya, nauli ya ndege na vifaa vya sanaa, ambavyo shule nyingi hazivihesabu kikamilifu. Pengo likiwa dogo, andikia ofisi ya msaada ndani ya wiki moja, taja kiasi kinachopungua, ambatisha ushahidi wa jambo lililobadilika, kama mavuno yaliyoharibika au mzazi aliyepunguzwa kazi, na uombe waangalie upya. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na mzazi aitie saini.